Oveni ya mezani ya lita 45: mwaka na nusu wa kujifunza moto unatoka wapi

Mkate wa kwanza wa kumimina niliouoka kwenye oveni hii ulitoka chini mweusi tii, juu mweupe pee. Mchele nusu kilo nilikuwa nimeuloweka tangu usiku, nazi mbili nimezikuna mwenyewe kwa mbuzi kwa kuwa tui la pakiti halinipi utamu ninaoutaka, hiliki nimeitwanga kwenye kinu kidogo. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani ya mwaka 2024, na mkate ule ulikuwa wa jirani ambaye alishanilipa tangu asubuhi. Nilisimama mbele ya kile kioo machozi yananilengalenga, nikampigia mama simu Tanga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Una nini, mbona sauti imekwisha?”

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza swali moja tu: “Juu ulipalia?”

Kwa asiyelijua neno hili, kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko ili chakula kipate joto la juu kama kinavyopata la chini. Ndivyo tulivyopalia wali, ndivyo tulivyooka mkate wa kumimina nyumbani kwetu miaka yote: jiko la mkaa, makaa machache chini yaliyokwisha kuvaa jivu, sufuria, bati juu yake, na juu ya bati makaa mengi yanayowaka. Kipimajoto mama hakuwa nacho. Alikuwa akishika kiganja juu ya bati anahesabu, na mkono ukivumilia mpaka kumi anaongeza makaa. Ila alijua daima moto uko upande gani na upande upi unahitaji zaidi.

Mimi swichi ya oveni nilikuwa nimeizungusha mpaka kwenye mchoro wenye mstari mmoja chini. Nilidhani moto wa chini ndio moto wa kupikia, kama jiko lolote lile. Mwaka na nusu umepita sasa, na vyakula vingi vilivyoniharibikia ndani ya oveni hii viliharibika kwa kukosea upande wa moto, nyuzi zikiwa sawa kabisa.

Oveni yenyewe ni ile ya kuweka mezani, lita 45, wati 2,000. Niliinunua Kariakoo, Februari 2024, kwa shilingi 235,000 baada ya kupatana. Muuzaji alianzia 280,000. Jina la kampuni nitaliacha, kwa sababu nimeona zinazofanana nayo kabisa zikiuzwa kwa majina mengine, na haya nitakayosema yatamfaa yeyote mwenye oveni ya namna hii. Upande wa kulia ina swichi tatu za kuzungusha. Ya juu ni ya nyuzi, kuanzia 100 hadi 250. Ya kati ni ya kuchagua aina ya moto. Ya chini ni ya dakika, mwisho 60. Ndani kuna koili mbili juu na mbili chini, feni ndogo ubavuni, wavu mmoja, trei moja nyeusi, na vile vyuma vya kuzungushia kuku mzima. Kitabu cha maelekezo kina lugha tano, Kiswahili hakimo, na ile swichi ya kati imeelezwa kwa mistari minne tu.

Swichi hiyo ya kati ndiyo oveni. Mchoro wenye mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini, maana yake koili zote nne zinawaka. Mstari wa chini peke yake ni koili za chini, wa juu peke yake ni za juu. Mistari miwili ikiwa na feni katikati, zote zinawaka na upepo unazunguka. Kwenye oveni kubwa za kujengea jikoni utakuta na mstari wa mapindipindi kama meno ya msumeno, huo ni moto mkali wa juu wa kuchomea, na feni iliyozungushiwa duara, yenye koili yake yenyewe nyuma. Yangu haina hilo duara. Feni yake inapuliza joto la koili zilezile za juu na chini, kwa hiyo upepo wake haulingani pande zote.

Mkate wa kumimina sasa nauoka hivi. Nawasha juu na chini, nyuzi 180 za kweli (nitaeleza kwa nini nasema za kweli), dakika 20 kabla ya kumimina. Sufuria ya alumini ya inchi 8 naipaka mafuta na kuiacha humo ndani ishike moto, kwa sababu ukimimina kwenye sufuria baridi mkate unanata na vile vitundu vya chini havitoki. Uji ukigusa sufuria lazima usikie unalia. Feni siwashi: upepo unakausha uso mapema, uso ukishakauka unafunga, na mkate ambao bado unataka kupanda unapasukia pembeni. Dakika 25 za kwanza ni moto wa pande mbili. Ukishashika, ukawa unatikisika kidogo tu pale katikati, nahamisha swichi kwenye moto wa juu peke yake, dakika nane mpaka kumi, nami nimekaa kwenye kigoda mbele ya kioo siondoki. Uso unaanza kwa madoa madogo ya rangi ya chai ya maziwa, madoa yanapanuka, yanashikana, na pembeni unaona mkate unajivuta kidogo kuachana na sufuria. Hapo natoa. Ni kupalia kulekule kwa mama, tofauti ni kwamba makaa nayahamisha kwa vidole viwili.

Keki ndiyo iliyonionyesha kwamba namba zilizochapwa kwenye swichi si za kuaminiwa. Keki ya inchi 8, siagi robo kilo, mayai manne, moto juu na chini, nyuzi 180, dakika 45, kila kitu kama kilivyoandikwa. Ikapanda vizuri, nikaitoa, na ilivyokuwa inapoa katikati ikazama kama kisahani. Nikadhani ni bekingi pauda imechoka, nikanunua nyingine. Ikazama. Nikadhani nimepiga siagi kupita kiasi. Ya tatu nayo ikazama, na hiyo ilikuwa ya mtoto wa watu, imeandikwa jina. Nikakesha kuoka nyingine kwa saa nzima na dakika kumi, ikatoka imesimama lakini kavu, unaila unatafuta maji.

Dada mmoja anayeniuzia vibati vya keki ndiye aliyeniambia nijaribu kwa sukari. Sukari ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye kipande cha foili, oveni yako iweke 175 kwanza, dakika 15: haitakiwi kuyeyuka. Kisha 200, dakika 15 nyingine: inatakiwa kuyeyuka. Yangu kwenye 200 ilibaki chembechembe, imebadilika rangi kidogo tu pembezoni. Kumbe nilipokuwa nasoma 200, ndani hata 186 haijafika.

Nikanunua kipimajoto cha kuning’iniza kwenye wavu, shilingi 15,000. Usiku ule nilikaa na daftari mpaka saa tano. Swichi kwenye 150, ndani 138. Kwenye 180, ndani 155. Ili nipate 180 ilibidi niizungushe mpaka 205. Na ile 250 ya mwisho haikuvuka 218 hata nilipoiacha nusu saa. Nikaona jambo jingine pia, kwamba sindano haitulii. Koili zinawaka, sindano inapanda mpaka 193, zinajizima, inashuka mpaka 168, zinawaka tena. Hilo la kupanda na kushuka si ubovu, oveni za swichi za namna hii ndivyo zinavyojiendesha, na nyuzi zako ni ule wastani wa katikati. Lakini tofauti ya nyuzi 25 kati ya namba na ukweli hiyo ni kasoro, nami naihesabu kuwa kasoro kubwa kuliko zote za oveni hii, kwa sababu anayeinunua leo hatajua. Atalaumu unga wake, atalaumu mayai, atajilaumu yeye.

Nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikatia tone pale penye 205. Hiyo ndiyo 180 yangu. Tone jeupe penye 160 ya kweli, na tone la dhahabu penye 200 ya kweli. Tangu siku ile namba zilizochapwa sizitazami tena. Nyuzi zote ninazotaja hapa ni za kipimajoto.

Na ile taa ndogo nyekundu inayozima kukuambia oveni tayari, usiitii. Yangu inazima dakika ya saba, na nilipoangalia kipimajoto wakati huo kilikuwa 130. Dakika 20 ndizo za haki. Kama chakula ni kuku au viazi, kuwahi si neno sana. Keki na mikate ukiviwahi, vinaanza kuyeyuka kabla ya kupanda.

Keki ya inchi 8 sasa naioka kwa 180, juu na chini, wavu wa kati, feni imezimwa, dakika 40 hadi 45, na mlango siufungui kabla ya dakika 30. Keki kubwa, ya inchi 10, nashusha mpaka 165 na kuiacha saa na robo. Kubwa inataka moto mdogo kwa sababu katikati yake ni mbali: ukiitia moto wa keki ndogo, pembeni zinaiva na kufunga, katikati bado uji, na ule uji ukija kuchemka unajisukuma juu na kukutolea kichuguu kilichopasuka. Bati nalo lina neno. Bati jeusi linanyonya joto kuliko linalong’aa, kwa hiyo kwenye bati jeusi nashusha nyuzi kumi. Nankhatai zangu za kwanza ziliungua chini kwa sababu ya ile trei nyeusi iliyokuja pamoja na oveni. Sasa naitandika karatasi ya kuokea, 160, bila feni, dakika 18. Nankhatai nzuri inatoka bado nyeupe, imepasuka kidogo juu, na unaitoa ikiwa laini. Inakazana yenyewe ikipoa. Ukiisubiri ibadilike rangi ndani ya oveni umechelewa.

Hapohapo niseme neno kwa wanaosoma mapishi ya Wamarekani. Ukiona imeandikwa 350, hizo ni Farenhaiti, na kwa nyuzi zetu ni kama 177. Kuna mteja wangu aliona 350, oveni yake mwisho 250, akazungusha mpaka mwisho. Biskuti zote zikawa mkaa.

Kuhusu feni, kanuni inayotumika kote ni kupunguza nyuzi 20: mapishi yakisema 180, ukiwasha feni weka 160. Hewa inayotembea inapeleka joto haraka na inakausha. Kwa hiyo mimi naiwasha kwa kile ninachotaka kikauke nje: sambusa za kuoka, viazi vya vipande kwa 200, mabawa ya kuku. Siiwashi kwa kinachotaka kupanda taratibu. Na kwa kuwa feni yangu iko ubavuni kulia, upande wa kulia unatangulia kuiva. Nusu ya muda nageuza trei, mbele nyuma na kulia kushoto. Nikisahau, nusu ya sambusa zina rangi na nusu zimepauka.

Kuku nitamweleza kwa kirefu kwa sababu ndiye anayeulizwa zaidi, na jibu lake si moja. Kuku wa kisasa na kuku wa kienyeji ni vyakula viwili tofauti mbele ya oveni.

Kuku wa kisasa wa kilo moja na robo namwosha, namwacha achuje, kisha nampangusa kwa kitambaa safi mpaka ngozi ikaukie mkononi. Watu wengi hawafanyi hivyo, halafu wanalalamika ngozi haibadiliki rangi. Maji hayavuki nyuzi 100 mpaka yaishe yote, na ngozi ya kuku haianzi kupata ile rangi na ile harufu mpaka ivuke kama nyuzi 140. Kwa hiyo ngozi ikiwa na maji, robo saa ya kwanza unalipia umeme wa kukausha maji. Nampaka chumvi, ndimu kidogo, kitunguu saumu na mafuta, naweka juu na chini pamoja na feni, nyuzi 190, dakika 55 hadi saa moja. Nachoma kipimajoto kile chembamba cha nyama kwenye paja, pale panene, kisiguse mfupa: 74 na kuendelea, ameiva, hana hatari.

Kuku wa kienyeji ukimfanyia hivyo utamtupa. Ametembea, amekimbia, nyama yake imekazana, na moto mkali unamkaza zaidi. Huyu anataka 150, amefunikwa foili barabara, ndani ya trei pana kikombe cha maji, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, saa mbili na nusu. Jogoo mkubwa, saa tatu. Anajichemsha kwa mvuke wake mwenyewe taratibu. Ukifungua foili ukaona nyama imejirudi kwenye mfupa wa mguu, mfupa unachungulia, ameshalainika. Hapo toa foili, swichi kwenye moto wa juu, dakika 15, apate rangi. Mchuzi uliobaki chini ya trei usimwage kabisa, huo unaupikia wali. Mume wangu, ambaye alikuwa akisema kuku wa kienyeji ni wa kuchemsha na nazi tu, sasa Jumapili ananunua mwenyewe.

Samaki wa kupaka ndiye niliyemwogopa. Changu wa makaa ana harufu yake, na nakiri kwamba oveni haitoi harufu hiyo. Lakini kinachobaki chote inakitoa. Namchanja, namtia chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili, nusu saa. Moto wa juu peke yake, swichi mpaka mwisho, wavu wa juu kabisa, trei chini ya kukingia. Dakika kumi, namgeuza, dakika nane. Wakati huo tui zito liko jikoni na ukwaju, bizari na pilipili, limeshakuwa rojo. Nampaka na kumrudisha. Mara ya kwanza rojo linakauka na kuwa kama vumbi la njano, unaweza kufikiri umeharibu. Nampaka tena. Mara ya pili linashika. Mara ya tatu tui linaanza kutoa mafuta yake, yanachemka katika vile vidonda vya chanjo, vitone vidogovidogo vinarukaruka, na kingo za mkia zinaanza kuwa nyeusi. Jikoni kote kunanukia Tanga. Hapo hapo mtoe, maana dakika mbili zaidi nyama inakuwa pamba.

Mengine nitayapitia haraka. Karanga mbichi zilizotandazwa safu moja, 150, dakika 20, na ukoroge mara mbili. Korosho 150 dakika 12, usiende mbali, zinageuka ghafla. Viazi vitamu vizima na maganda yake, 200, saa nzima, mpaka asali yake ianze kuchuruzika kwenye trei. Weka foili chini la sivyo utasugua kesho yote. Biriani au wali wa kupalia, sufuria isiyo na mshikio wa plastiki, funika foili na mfuniko, 150 juu na chini, dakika 25, na ukoko unatoka wa rangi moja sufuria nzima, jambo ambalo kwa makaa nililipata kwa bahati.

Mkate wa mofa usijaribu. Mofa ni ya tanuri la udongo, donge linabandikwa ukutani kwenye joto ambalo oveni hii haina na haitakuwa nalo. Nilijaribu mara mbili, nikatoa vitu vigumu vya kuloweka kwenye chai. Piza nayo inakuja kwa shida: kwa 218 inachukua dakika 14, na mpaka jibini ipate rangi unga umeshakauka. Afadhali nipashe trei chini kabisa nusu saa, nitelezeshe piza juu yake ikiwa ya moto. Inasaidia, ila haifikii ile ya dukani.

Upande wa umeme. Wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 ni karibu ampea tisa, na hizo si mchezo kwa ekstensheni nyembamba. Wiki ya kwanza niliichomeka kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Nikasikia harufu ya plastiki, nikagusa waya, wa moto. Nilichomoa mikono inatetemeka, na watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Chomeka ukutani moja kwa moja, kwenye soketi iliyokaza, na usichomeke birika la umeme hapohapo. Kuhusu uniti, niliangalia mita kabla na baada: kuku wa saa moja na dakika 20, pamoja na kupasha oveni, alikula uniti 1.6. Nyumba yetu inavuka uniti 75 kwa mwezi, haimo kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo, kwa hiyo uniti moja inatutoka kama shilingi 356, na kuku yule ni chini ya 600. Kwa bei ya mkaa ya hapa Dar es Salaam sioni hasara. Ila ujipange: nikioka trei moja ya nankhatai peke yake nalipia kupasha oveni nzima, kwa hiyo siku ya kuoka naanza na cha moto mkali, kisha keki, kisha nankhatai, na karanga mwisho kwenye joto linaloshuka. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Kuku anavumilia. Keki iliyo chini ya nusu saa haivumilii.

Kasoro nyingine ni hizi. Kengele ya dakika ilikufa mwezi wa nne, natumia simu. Mlango hauna raba ya kuzuia joto, unavuja kwa juu, na bati la juu la oveni linakuwa la moto wa kuunguza, kwa hiyo pasiwekwe kitambaa wala chupa ya mafuta. Mwezi wa tisa koili moja ya chini ilikatika. Kwenye sanduku imeandikwa garanti mwaka mmoja, nikaibeba kwenye bajaji mpaka dukani, nikaambiwa garanti ni ya swichi, koili haimo. Nilipoinunua niliambiwa kinyume chake. Iliniuma, si kwa fedha, fundi wa mtaani alinifungia koili nyingine kwa shilingi 18,000 zote pamoja, bali kwa sababu niliuliza swali hilohilo siku ya kununua na nikajibiwa kwa kuapiwa. Ukinunua, waambie waandike kwenye risiti, kwa kalamu, garanti inashika nini. Na baada ya koili mpya nilipima tena: tone jekundu likasogea kutoka 205 mpaka 195. Kwa hiyo kila kinachobadilishwa ndani, pima upya.

Dukani kwenyewe omba waichomeke. Weka juu na chini, subiri dakika tatu, tazama koili zote nne kama zinageuka nyekundu. Zungusha kwenye kila mchoro uone kinachowaka ndicho kilichochorwa. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mlango umepinda. Muuzaji akikataa kuichomeka, nenda duka linalofuata.

Je, ningeinunua tena? Kwa bei ile, ndiyo, pamoja na kipimajoto. Ramadhani iliyofuata nilioka mikate ya kumimina kumi na minne kwa wiki na haukurudishwa hata mmoja. Kwa anayepika nyumbani kwake, lita 45 zinamtosha kuku mmoja na trei ya viazi. Kwa anayeoka za kuuza kama mimi, itafika mahali itakubana.

Mama alikuja Idi. Nilimwonyesha swichi ya kati, nikamwambia huu ni wa chini, huu ni wa juu. Akaikodolea macho, akasema, “Basi hapa ndipo pa kupalia,” akaizungusha mwenyewe, akavuta kigoda akakaa mbele ya kioo. Nikijaliwa nitanunua ya lita 60 yenye ile feni ya duara, na hii nitampelekea Tanga. Matone ya rangi ya kucha nitamwachia.